Meza ya Kupigia Pasi

Riwaya zake mbili za kwanza Mwalimu Futa aliziandika akiwa amesimama, kwenye meza ya kupigia pasi, katikati ya ujia wa nyumba yake. Msicheke. Alikuwa na watoto wawili, rundo la insha za kusahihisha, na mume fundi seremala aliyerudi jioni na vumbi la mbao hadi masikioni. Pale ujiani aliona milango yote: wa binti, wa kitindamimba, wa jikoni. Mkono mmoja uliandika, mwingine uliamua ugomvi. Hilo jina la Futa walimpa wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno aliloliandika zaidi pembeni mwa insha zao. Walidhani halijui. Alilijua, na alilijivunia.

Mwaka wa riwaya ya tatu kitindamimba alimfuata dada yake chuoni, nyumba ikapoa. Fundi hakupoteza muda. Aligeuza chumba cha kijana kuwa chumba cha kuandikia, akachonga meza ya mbao ngumu, akaipiga msasa mwezi mzima.

"Kaa, mama watoto," alisema, akifuta kiti kwa kiganja. "Hiki kitabu cha tatu kizaliwe kifalme."

Akakaa. Wiki tatu, hola. Sura ya mwisho, iliyobaki peke yake, ilimgomea katakata, na mhariri alishasema mwisho ni Ijumaa, hakuna nyongeza. Kilichomuumiza zaidi ni Fundi, aliyepita mlangoni kwa kunyata asije akamsumbua. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba meza yake imekukausha?

Jumatatu, darasani, hasira zake akawamwagia wasiohusika. "Anayekwama asiniletee visingizio. Aandike!"

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Na kitabu chako, Mwalimu, kinaisha lini?"

Darasa zima likashusha macho.

"Ijumaa," alijibu, na papo hapo akaona aibu, maana sura hiyo haikuwa na hata mstari mmoja.

Alasiri hiyo, Fundi akiwa karakana, aliitoa meza ya pasi stoo, akaikunjua ujiani, akasimama. Milango ya watoto ilikuwa imefungwa. Akaifungua yote miwili, akarudi mahali pake. Wa binti, wa kitindamimba, wa jikoni. Aliwakumbuka wanawe. Kisha sentensi ya kwanza ikaja, na ya pili ikaifuata mbio. Hata mlango wa mbele ulipofunguliwa hakusikia.

Fundi alisimama na begi la vifaa begani. Akaitazama meza ya pasi, akamtazama mkewe, akaichungulia meza yake kule chumbani.

"Baba watoto, nisamehe. Meza yako nzuri mno. Ni mimi tu ndiye..."

"Wewe andika," alisema Fundi.

Akatoa futi mfukoni, akapiga goti, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mkewe. Kipimo akakiandika kwa penseli ukutani, akaenda zake kuchemsha chai. Mwalimu alilia, ila kalamu haikusita.

Alhamisi sura iliisha. Ijumaa aliingia darasani, akaandika ubaoni neno moja: Nimemaliza. Walishangilia hadi mwalimu wa hesabu akaja mbio kuuliza kulikoni.

"Hakuna cha kufuta, Mwalimu?" aliuliza yule msichana.

"Kipo kibao. Leo niacheni nifurahi."

Likizo ilipofika wakaanza safari waliyoahidiana tangu walipooana: pikapu ya karakana, wiki mbili, popote watakapofika. Meza ya mbao, sasa ikiwa na miguu mirefu ya kipimo kile cha ukutani, ilibaki ujiani ikimsubiri mwenyewe. Nyuma ya pikapu Fundi alikuwa akifunga ile ya pasi, jirani akaangua kicheko.

"Safari na meza ya pasi! Jamani, mnakwenda kunyooshea watu nguo?"

Fundi akakaza kamba, akanyoosha mgongo.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "ni mwandishi."