Marehemu wa Ukoo wa Gwak Waenda Matembezini

Deokim alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mbao wa nyumba ya wageni ya Bibi Maeng, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, babu wa mumewe alipoingia getini. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Babu alifariki Deokim akiwa bado ananyonya, kwa hiyo hawakuwahi kuonana, lakini alimtambua mara moja. Picha yake ilikuwa ukutani kwa Deokim miaka thelathini na sita, na ni Deokim aliyekuwa akiifuta vumbi. Alikuwa na kofia nyeusi ya singa za farasi na joho jeupe. Akapanda ukumbini, akavua viatu vyake vya mpira, akavipanga vielekee nje kama mtu aliyelelewa vizuri, akaingia chumbani na kukaa pale sakafu, inayopashwa moto kutoka chini, inapopata joto kwanza.

Bibi Maeng alichungulia kutoka jikoni, mkononi ana figili iliyomenywa nusu. Akauliza kama mzee yule ni wa kwao.

"Wa mume wangu," Deokim akasema.

"Mlisema mko wawili."

"Tuko wawili, Bibi. Huyu hatukuja naye."

Bibi Maeng akasema haidhuru, ila angependa kuambiwa mapema kwa sababu ya mchele. Njia ile ya siku nne, inayopita kwenye vilima vya chini kutoka kijiji hadi kijiji, ilimletea watembeaji kila wiki, na kila msimu wa vuli hakukosekana mwanamke aliyefuatwa. Wiki iliyopita alikuja karani wa posta na marehemu saba nyuma yake, wawili kati yao wakiwa wamelewa. Kisha akarudi kwenye figili yake.

Jioni ile ilikuwa ya tambiko la babu. Deokim alilijua hilo alipofunga mkoba wake, na hakujificha. Alimwambia mumewe, Byeongtae, kwamba samaki yuko kwenye friza, mapeasi yako kwenye kapu, na orodha ya vyakula kumi na saba ameibandika kwenye mlango wa friji, kila kimoja na mahali pake mezani. Byeongtae alicheka, akidhani ni mzaha. Ukoo wa Gwak ulikuwa na matambiko kumi na mawili kwa mwaka, na tangu aolewe Deokim hakuwahi kukosa hata moja. Amekaanga samaki akiwa na mimba ya miezi tisa. Amekaanga akiwa na homa ya mapafu. Wanaume walikuja jioni na suti zao, wakasujudu, wakanywa mvinyo wa mchele, wakasifu ukoo, wakaenda zao. Binti zake wawili walisujudu mara moja walipokuwa wadogo, kwa kukosea, wakaondolewa.

Aliyempeleka matembezini ni mdogo wake, Deokhui, msusi, mwanamke aliyemwacha mume wake zamani na asiyemwogopa mtu. Deokhui alimtazama babu kupitia mlangoni, akiwa anatafuna kabichi ya kuchacha.

"Hata kufa hawachoki," akasema. "Dada, usinyanyuke. Nakuona unavyotaka kunyanyuka."

Hakunyanyuka. Walikula wao wawili na Bibi Maeng: supu ya maharage yaliyochachushwa, majani ya milimani, wali wenye mtama. Babu alikaa na mikono magotini mbele ya sakafu tupu, maana chakula cha wageni si chakula cha tambiko na hakiwezi kumshibisha marehemu. Kulipokucha hakuwepo.

Siku ya pili waliamka wakatembea kilomita kumi na tatu. Vilima vya kule si vya kumtisha mtu. Vinapanda taratibu na kushuka taratibu, kwanza majaruba ya mpunga, kisha mashamba ya ufuta, kisha misonobari, na juu ya misonobari makaburi ya vichuguu yaliyofyekwa vizuri kuliko nyua za walio hai. Kila penye njia panda kuna nguzo fupi yenye mshale mwekundu. Deokim alikuwa na magoti mabovu, lakini siku hiyo hayakumuuma. Alimwambia mdogo wake kwamba hajawahi kutembea mchana kutwa bila kubeba kitu cha mtu mwingine. Walikaa juu ya kilima wakala mahindi ya kuchemsha, wakacheka hadi Deokim akapaliwa.

Jioni, kwenye nyumba ya Mzee Ki, mwalimu mstaafu, walikuja wanne. Babu alikuwa amemleta baba yake, na babu yake, na mwanawe, ambaye ni baba mkwe wa Deokim, katika suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Waliingia kwa kufuata umri. Mzee Ki aliwasujudia mmoja mmoja, akawapa chumba chake mwenyewe chenye kiambaza cha kukunja kilichochorwa maua, kisha akaja kumwambia Deokim, kwa upole sana, kwamba jiko liko nyuma na kisu kimenolewa.

"Mimi ni mgeni hapa, Mwalimu," Deokim akasema.

"Bila shaka. Lakini wewe ndiye unayejua wanapenda nini."

Simu ikalia. Alikuwa Byeongtae. Akaeleza kwamba jana yeye na wadogo zake waliagiza vyakula dukani, wakavipanga, wakawasha ubani, wakasubiri hadi supu ikaganda. Hakuja mtu. Leo ameona kwenye picha nne za wazee ukutani kwamba viti vyote ni vitupu.

"Wako huko?"

"Wako hapa."

"Waambie warudi nyumbani."

"Waambie wewe. Ni wazee wako."

Byeongtae akashusha sauti. Hakuwa mtu mkali. Katika maisha yake hakuwahi kumpigia kelele, na hakuwahi kuosha kijiko.

"Basi mke wangu, kwa kuwa wako huko, wapikie kidogo tu. Mboga mbili tatu. Watu wataniambia nini?"

Deokim alizima simu. Akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba. Hakupika. Wale wanne walikaa nyuma ya kiambaza chao, na Mzee Ki hakuongea naye tena hadi asubuhi.

Siku ya tatu alitembea kwa kasi. Deokhui alimwita mara mbili apunguze mwendo, hakusikia. Alikuwa anamfikiria mama yao.

Mama yao alikufa miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa kwanza, siku mbili kabla ya tambiko la kina Gwak. Deokim alikuwa ameshika mlango ili aende. Mama mkwe wake, aliyekuwa hai wakati huo, alimwambia aliyetoka kwenye msiba ana mkosi wa maiti na hawezi kugusa chakula cha wazee, kwa hiyo aende tambiko likiisha. Akabaki. Akakaanga. Alipofika kwao kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na majirani wanarudi na majembe. Mama yao hakuzaa mwana wa kiume, na kwa hiyo hakuwa na wa kumfanyia tambiko. Deokim hakulilia hilo mbele ya mtu yeyote. Aliosha sahani na akaendelea.

Nyumba ya jioni ya tatu ilikuwa ya mjane anayefuga nyuki. Wanaume walikwisha kukaa Deokim alipofika. Alipita mbele yao kama anavyopita mtu mbele ya kabati, akaenda jikoni kuomba maji ya moto ya kukandia magoti. Huko akawakuta wanawake wanne, wake wa wale wazee wanne, wakiwa wamechuchumaa karibu na jiko, mikono ya nguo imekunjwa, wakichambua mchicha. Mama mkwe wake alikuwa wa mwisho, karibu na mlango, penye baridi.

Mjane alisema waliingia kwa mlango wa nyuma tangu alasiri, na kwamba ni watu wazuri, wamemwoshea mitungi yote.

"Mama," Deokim akasema, "mnafanya nini hapa?"

"Tunasubiri moto," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa. "Marehemu hawashiki moto. Tunaosha tu na kubeba."

Ikabainika kwamba tangu siku ya kwanza walikuwa wanakuja nyuma ya wanaume, kwa njia ya chini inayofuata mto, kila mmoja na mzigo kichwani. Kila tambiko walikuwepo jikoni kwa Deokim, miaka yote. Hakuwaona kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuangalia.

Deokim akakaa juu ya gunia la mkaa. Akamuuliza mama mkwe kuhusu siku yake mwenyewe, ile ya mwezi wa tatu, anayowekewa wali na supu karibu na bakuli la mumewe, kijiko kimesimamishwa kwenye wali. Je, pweza wa mwaka huu alikuwa laini?

"Siku yangu nilikuwa naosha vyombo. Wali wangu aliula baba mkwe wako."

Deokhui, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kama kuna aliyewahi kumwona mama yao.

Mwanamke mkubwa kuliko wote, ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kama mundu, akafikiri. "Yule mwembamba mwenye kovu kidevuni? Yuko jikoni kwa kina Pyo, ukoo wa baba yenu. Tunakutana mtoni tukisuuza."

Deokhui alitoka nje. Deokim alimtazama mama mkwe wake, vidole vyake vinavyochambua mchicha haraka, jani baya huku, jani zuri huku. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelibeba swali moja, na alikuwa amelinoa. Sasa akalitoa.

"Kwa nini ulinizuia nisimzike mama yangu?"

Mama mkwe alitupa jani baya. Hakukasirika. Alijibu kama mtu aliyeulizwa saa.

"Samaki angekaangwa na nani?"

Jioni ile Deokim hakuwasha moto. Asubuhi, mjane wa nyuki alikuta mchicha umechambuliwa, umeoshwa, umepangwa kwenye ungo, mbichi.

Siku ya nne mvua nyepesi ilinyesha hadi mchana. Njiani Deokim alisimama kwenye duka la kijiji akanunua samaki wa manjano, jibini ya soya, uyoga, mayai, pweza mkavu, mapeasi makubwa manne. Deokhui alimwangalia akijaza mkoba.

"Dada, umeshindwa?"

"Si wao ninaowapikia."

Nyumba ya mwisho ilikuwa na jiko la wageni. Deokim alianza saa tisa. Alikaanga, akachemsha, akakatakata, akachanganya ufuta, na kwa mara ya kwanza maishani aliyafanya hayo bila kuumwa na kichwa. Deokhui alipika wali. Wanaume walifika, wakakaa chumba cha mbele. Wanawake wanne walifika kwa mlango wa nyuma, wakatua mizigo, wakataka kuosha. Deokim akawaambia anataka kuiona mikono yao imetulia. Akawapeleka chumba kizuri cha upande wa pili, chenye sakafu ya moto na dirisha linalotazama mianzi, akawakalisha, mkubwa mahali pa mkubwa. Mama mkwe alikaa pembeni mwa takia kama mtu anayesubiri kuitwa. Kisha Deokim na mdogo wake wakaingiza meza ya chini iliyojaa, vyakula kumi na saba, mabakuli manne ya wali yakifuka mvuke.

"Chakula hiki ni chenu," Deokim akasema. "Wale kule hawana chao. Kuleni mkikaa."

Wanawake waliitazama meza. Yule aliyepinda mgongo alinusa mvuke, akafumba macho. Hakuna aliyeshika kijiko. Walitazamana kwa muda, si mrefu, kisha wakainuka wote wanne pamoja, kila mmoja akashika pembe yake, wakaibeba meza sawasawa bila kumwaga hata tone la supu, wakavuka ukumbi, wakaiweka mbele ya wanaume.

Wanaume walikula. Walikula vizuri, na baba mkwe akasema samaki amekolea.

Mama mkwe alirudi jikoni. Alipompita Deokim alimgusa mkono kidogo, kama anayemwomba radhi aliyemkanyaga sokoni. Wenzake walikuwa wameshakaa kuzunguka sufuria, wakikwangua ukoko kwa vidole na kula, migongo yao imeelekea mlango ili wasionekane.

Deokim alijitengea sahani ya mabaki, akaipeleka ukumbini, akakaa. Deokhui akakaa naye. Walikula. Taya za Deokim zilimuuma kwa jinsi alivyokuwa akizibana kati ya tonge na tonge, na alikula kila kitu, hadi mifupa midogo ya samaki.

Ndani, babu wa mumewe alikohoa kidogo. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyeshiba, anayetaka maji yaliyolowekwa ukoko wa wali, ya kuteremshia chakula. Deokhui, msusi, aliyemwacha mume wake zamani na asiyemwogopa mtu, akaweka kijiko chini na kuanza kunyanyuka.

Deokim alimshika sketi.

"Kaa."

Deokhui akakaa, akiitazama mikono yake.

Jikoni kulisikika mfuniko wa sufuria. Mama mkwe akatoka na maji kwenye bakuli la shaba, magoti yakimlia, akavuka ukumbi mbele yao, akawamiminia wote wanne, akianza na mkubwa.