Mafuta ya Mzazi Yaliyoliwa na Baiskeli

Hii ya mjomba wangu Loishiye amenikataza kuisimulia. Ila baiskeli yenyewe kila mtu pale Elerai aliiona, kwa hiyo siyo siri.

Mwaka tisini na nne, mitumba imeanza kumwagika mjini, mjomba akashuka Sakina akarudi na baiskeli ya Kijapani, nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja. Sasa fremu yake ilikuwa na matundu sita. Manne nyuma, na mawili katikati ambayo wanaume waliyabishania wiki nzima. Mmoja akasema ndipo inapopumulia.

"Ni ya kubebea chupa ya maji," fundi Mika akawaambia.

"Kwani Japani hakuna mito?" mmoja akauliza.

Mjomba alikuwa anataka yale manne ya nyuma. Mama Agnela, Mchaga mwenye kituo cha maziwa Sakina, alimwahidi kazi ya kubeba madumu. "Ila keria ikazwe na bolti kwenye fremu. Aliyepita alifunga na mpira, maziwa yangu yakanywewa na barabara." Keria na bolti zake zilikuwa zinatoka Nairobi kwa shemeji, mwezi wa sita. Na hapo ni mwezi wa tatu, masika imeanza.

"Haya matundu yana meno ndani," Mika akasema. "Maji yakikaa humo, kutu inakula meno, bolti haishiki tena. Bolti fupi za kuzibia saizi hii mjini hamna. Jaza grisi tu."

Grisi mjomba hakuiamini. Sime ya babu yake haijawahi kushika kutu, na ilipakwa kitu kimoja maisha yake yote: mafuta ya kondoo.

Na mafuta nyumbani yalikuwepo. Mke wake, Namelok, alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Kondoo kachinjwa, mafuta yameyeyushwa, yako kwenye kibuyu, mzazi anywe arudishe nguvu. Kondoo alikuwa wa mjomba, ndiyo. Ila akishachinjiwa mzazi ni wa wanawake, mwanaume hagusi, haombi, hata kukitazama sana kibuyu siyo vizuri. Na mlinzi wa kibuyu alikuwa mama mkwe, Bibi Penina.

Basi mjomba akawa anaiba. Bibi akienda kukata majani ya ng'ombe, yeye kijiko kimoja, matundu sita, anasawazisha na kidole. Kesho yake mbwa wamelamba yote. Anaiba tena. Wanalamba tena.

Wiki ya tatu Bibi Penina akachungulia kibuyu, akamwangalia binti yake, akachungulia tena. Yule bibi kwa heshima haongei na mkwe moja kwa moja. Akaongea na kuku.

"Wewe kuku, mafuta yanaisha na mzazi hanenepi. Kuna nani humu ananenepa?"

Mjomba ni mwembamba kama antena. Bado akavuta tumbo ndani.

Kufika Jumapili, watu wanatoka kanisani wanaambiana Loishiye anakula mafuta ya mzazi. Kwetu hiyo aibu, bora useme ameiba ng'ombe. Ikafika mpaka Sakina. Mama Agnela akasema, "Mtu anayemwibia mkewe aliyejifungua, maziwa yangu atayaacha salama? Hiyo kazi nampa mwingine."

Kikao cha familia kikaitwa. Mjomba akaja anasukuma baiskeli.

"Unasafiri?" baba yake, mzee Lengai, akamuuliza.

"Hapana, baba. Nimemleta aliyekula."

Akaeleza meno, kutu, keria, yote. Wazee wakamsikiliza kama wanavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Ndipo mbwa akapita katikati ya kikao, akaenda kwenye fremu, akalamba tundu la kwanza, la pili, mpaka la sita, akakaa.

Bibi Penina akainama, akachungulia tundu. Meno yanang'aa, hakuna kutu.

"Namelok, mwambie baba mtoto anapaka kama mtu mchoyo. Achinje kondoo mwingine wa mzazi. Haya yaliyobaki nitapaka mwenyewe."

Na kweli akapaka. Mafuta na nta ya nyuki, juu kitambaa kimefungwa. Majirani wakipita wanauliza mzazi anaendeleaje, na ukijibu habari za Namelok wanasema, "Huyo hapana, yule wa magurudumu mawili."

Mwezi wa sita keria ikafika. Mama Agnela, habari ya mbwa imeshamfikia na kazi hajampa mtu bado, akaja mwenyewe kuhakikisha. Mika akatoa nta, akaingiza bolti ya kwanza kwa vidole viwili, ikazunguka mpaka mwisho bila kugoma. Zote nne. Mama Agnela akaishika keria akaitikisa, ikayumba baiskeli nzima, keria haikuachia.

"Kesho asubuhi, madumu mawili," akamwambia mjomba. Halafu akamgeukia Namelok. "Mama, na mimi nina mikokoteni mitatu inaota kutu. Hicho kibuyu napataje?"

Namelok akamwangalia juu mpaka chini, mama wa miaka hamsini na kitu.

"Mpaka uzae, mama."