Chini ya Tairi la Akiba

Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka saa nane na nusu mchana, na jambo la kwanza alilofanya muuguzi ni kulitukana. Alikuwa na haki. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na bahasha ya kaki yenye maombi yake ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Dirisha la kupokea maombi lilikuwa linafungwa saa kumi kamili, na mwezi ujao angetimiza miaka arobaini na tano, umri ambao chuo hakimpokei mtu tena. Ni leo, au aendelee kuwa muuguzi msaidizi mpaka astaafu, akitandika vitanda na kutumwatumwa na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kutafuta mshipa.

Alishuka akaliangalia. Rimu ilikuwa imegusa lami. Kulibadilisha hakuweza, kwani kiganja chake cha kulia kina chuma ndani tangu siku alipomdaka mgonjwa aliyekuwa akianguka bafuni, na daktari alimwonya asikaze wala kulegeza kitu kigumu kuliko kifuniko cha chupa. Hata mkono ulipokuwa mzima hakuwahi kujifunza. Siku walipolinunua gari mumewe alimwambia, "Wewe endesha tu. Mengine niachie mimi." Akamwachia. Ilikuwa raha kuwa na mtu wa kumwachia.

Mume huyo alikuwa dereva wa kusambaza dawa hospitalini, na njia yake ya kila siku ilipita mbele ya lango la chuo hicho hicho. Mtaani walimwita Posta. Mwenye barua, mwenye fomu, mwenye ufunguo uliosahauliwa na shangazi, wote humpa Posta, naye hufikisha. Kila bahasha aliyopokea aliiandikia tarehe kwa penseli kwenye kona ya nyuma, mtu asije akamsingizia kwamba imekaa sana mikononi mwake. Ndiyo maana miaka mitatu mfululizo muuguzi alimkabidhi yeye maombi yake, na miaka mitatu mfululizo chuo kilinyamaza kimya. Mwaka huu muhuri wa matroni ulichelewa hadi siku ya mwisho, Posta akiwa ameshaondoka, ikabidi aipeleke bahasha mwenyewe.

Alimpigia simu.

"Pancha? Uko wapi?"

"Barabara ya chuo. Nimepata muhuri leo, napeleka fomu."

"Mbona hukuniambia? Sikiliza, mke wangu. Kaa ndani, funga milango. Mtu yeyote asifungue buti. Nakuja."

"Utafika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja hivi."

"Wanafunga saa kumi, baba watoto!"

"Basi mwakani. Buti usifungue, umenisikia?"

Mwakani! Mwanamume anayejua fika tarehe ya kuzaliwa ya mkewe anasema mwakani. Muuguzi aliitazama simu kama inayonuka, akasimama kando ya barabara na kupunga mkono wake mzima.

Magari manne yalimpita. La tano, lori la mchanga, lilisimama, na dereva wake, mwanamume wa makamo mwenye kitambi cha heshima, akateremka akihema.

"Pole, dada. Spea unayo?"

"Ipo butini. Ila mume wangu amesema buti lisifunguliwe."

"Sasa nikubadilishie kwa dua?"

Alicheka bila kutaka. Kisha akapiga moyo konde, akafungua buti.

Dereva wa lori alikunja zulia, akalegeza bolti ya katikati, akalinyanyua tairi la akiba na kulibwaga chini. Akachungulia shimoni.

"Kuna mzigo wako huku."

Ulikuwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba. Ndani yake mlikuwa na bahasha tatu za kaki, gundi haijabanduliwa, na mwandiko wa mbele ni wake muuguzi. Alizigeuza moja baada ya nyingine. Kila kona ya nyuma ilikuwa na tarehe ya penseli, imeandikwa vizuri, mwaka hadi mwaka.

Mtu mwingine angezichoma, mchezo ukaisha. Posta hakuweza. Kuiba matumaini ya mkewe aliweza, lakini kuchana bahasha ya mtu mkono wake ulikataa, akazitunza pale mahali pekee ambapo mkewe hana kazi napo.

Muuguzi aliketi kwenye ukingo wa buti. Kilichomuuma zaidi hakikuwa bahasha. Mara tatu alikuwa amelia kifuani pa mtu huyu, na mara tatu mtu huyu alimfuta machozi, akakilaani chuo, akasema hao wanachukua ndugu zao tu. Jinsi alivyompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akampenda zaidi kwa hilo!

Simu ikalia wakati nati zikikazwa.

"Umefungua buti?" Hakuuliza kama yuko salama.

"Nimefungua."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishastaafu?"

"Chuo ni cha bweni, miaka miwili. Wangapi wameenda wakarudi na macho mengine? Ungerudi ukaniona dereva tu. Niliogopa."

"Ungesema unaogopa. Ningekaa tukazungumza." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaikaza. "Ulinifuta machozi. Mara zote tatu."

"Nilikuwa nakuonea huruma kweli, mke wangu. Wallahi."

Alimwamini, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akakata simu.

"Tayari," alisema dereva wa lori, akijipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa amesikia yote na alijitahidi kuonekana hakusikia. "Una dakika arobaini. Usikimbie sana, spea yenyewe imechoka kidogo."

Alifika zikiwa zimebaki dakika sita. Karani wa dirishani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alifungua bahasha akaanza kupekua karatasi bila haraka. Alisoma barua ya matroni mara mbili. Alisoma cheti. Akainua macho.

"Miaka kumi na tisa wodini, na mapendekezo kama haya? Dada, mtu kama wewe tungemchukua mara ya kwanza tu alipoleta fomu." Aligonga muhuri wa kupokelewa. "Umekaa wapi siku zote? Kwa nini hukuomba mapema?"

"Niliomba," alisema muuguzi, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.