Uji wa Mektilda Ulipoa

Mke wangu Mektilda alikufa na njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Nasema hivyo na sijali nani atanuna.

Moshi wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ndio uliomla mapafu. Hapa Usinge wanawake ndio huchochea ule moto. Mabwana wa tumbaku wanajua, ila wakija wanapima majani, kifua cha mtu hawakipimi. Alipoanza kukohoa zahanati wakasema TB. Kupima, si TB. Wenye TB walipewa unga wa lishe. Yeye akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na maneno matatu: "Ale mlo kamili." Kila tukienda wanampandisha mzani, kilo zimeshuka, wanaandika, tunarudi.

Tonge mbili za ugali, anahema kama katoka kukimbizwa. Nami namwongezea, maana kwetu mgonjwa huambiwa amalize sahani.

Mwaka jana tukapanda treni hadi Tabora mjini. Huko muuguzi mmoja, Levina, ndiye aliyetukalisha chini.

"Mama, tumbo likijaa linabana mapafu. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji mzito, tia karanga za kusaga na mafuta. Pumzika kwanza. Na ukila, usiongee."

"Hata na huyu?" Mektilda akanionyesha. "Basi hiyo ndiyo dawa niliyoitafuta tangu niolewe."

Tukacheka mpaka akakohoa.

Tukarudi, uji ukaanza kumkaa, mashavu yakajaa kidogo. Lakini wageni! Mwanamke wa Kinyamwezi haitikii salamu kwa kutikisa kichwa. Anapiga magoti, anaulizwa ya nyumbani, ya shamba, ya wajukuu, na yote ayajibu. Pumzi ya kulia chakula ikawa inaishia hapo. Nikaketi mlangoni: "Anakula, ngojeni." Wengi walingoja.

Ngassa, mwenyekiti wa kijiji, hakungoja. Alikuja na wajumbe wake.

"Mwenyekiti, anakula. Mjini wamemkataza kuongea."

"Zablon, tangu lini mimi nikazuiwa na uji? Au unamficha tusije tukamwoa?"

Wajumbe wakaangua kicheko, wakanipita mlangoni. Ndani, Mektilda akaweka kijiko, akateremka kitandani, akapiga magoti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Za tangu juzi? Mjini wanasemaje?"

Akajibu, anakata maneno kwa pumzi. Nikamwambia anyamaze. Akanitazama kama nimemvua nguo mbele za watu. Walipoondoka, uji ulikuwa umeganda.

"Nimechoka, baba. Nitakula kesho."

Kijiji kizima kikasikia kwamba namfungia mke. Basi wakazidi kuja, waone wenyewe. Naye kwa aibu akanikataza kukaa mlangoni. "Watasema tumerudi kutoka mjini na maringo." Akawa anaitikia wote, uji unapoa, anausukuma pembeni. Mvua za kwanza hazikumkuta.

Makaburini Ngassa alimsifu: mama mwenye adabu, hata hoi kitandani alimpigia magoti. Watu wakaitikia, kweli, kweli. Mtu mzima, kiongozi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini alimteremsha kitandani.

Ningepiga komeo tu. Wangesema watakavyo, naye angeninunia mwezi mzima. Lakini angekula.