Goti la Ndeti

Tangu Kalunde amwambie mumewe kwamba mnunuzi mpya wa mbuzi pale Kyuso anaitwa Muktar, na kwamba zamani alicheza mpira Nairobi, Ndeti hakutulia. Alianza kutengeneza ua akauacha nusu. Alienda kupalilia mtama, akarudi jua halijapanda.

"Una nini wewe? Ni huyo Muktar?" Kalunde alimuuliza.

"Sina kitu."

Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Zamani Ndeti alikuwa winga wa kushoto wa timu moja ya Nairobi. Hakuwa nyota. Gazeti lilimtaja mara nne, na mara moja likakosea jina lake. Lakini alilipwa kwa kukimbia, na nyumbani watu walisimamisha jembe kusikiliza habari hiyo. Halafu ikaja mechi ya 1974. Beki aliyeitwa Muktar alimjia kwa kasi, wote wawili wakaanguka, na Ndeti akatolewa kwa machela. Hakucheza tena. Kyuso nzima ilijua kwamba beki yule alimvunja goti makusudi, kwa sababu Ndeti mwenyewe ndivyo alivyosimulia.

Jumatatu, siku ya mnada, alifika sokoni mapema. Alizunguka zizi la mbuzi mara tatu, akauliza bei za mbuzi asiowataka. Muktar, mwenye mvi sasa, alikuwa akikagua meno ya beberu. Akainua kichwa.

"Ndeti! Goti lako linaendeleaje?"

Ndeti alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo.

"Si wewe uliyelivunja," alisema. "Lilikuwa bovu miezi mitano. Daktari aliniambia nipumzike, nikamficha kocha, niliogopa kupoteza nafasi. Siku ile niligeuka, nikasikia limekatika kabla hujanifikia."

Muktar alimwachia beberu.

"Unajua nilicheza mechi ngapi baada ya ile? Mbili. Kila nikigusa mpira, uwanja mzima ulipiga kelele, 'Mchinjaji!' Nikaacha mwenyewe. Miaka kumi na saba najiuliza kama niliingia vibaya."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Kabla Muktar hajajibu, Nzomo, shemeji yake Ndeti, alijipenyeza katikati yao. "Huyu ndiye aliyekuvunja? Ndiye huyu?"

Watu wakaanza kusogea karibu. Muktar alimtazama Ndeti tu.

"Hakunivunja," Ndeti alisema. Akarudia kwa nguvu. "Sikilizeni! Mtu huyu hakunivunja. Nilidanganya."

Nzomo alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona Ndeti hacheki, alitema mate chini akaondoka. Muktar naye alirudi kwa beberu wake.

"Leo siwezi kukusamehe," alisema bila kugeuka. "Pengine siku nyingine."

Ndeti alimweleza mkewe yote alipofika nyumbani, akiwa bado amesimama.

"Na mimi nimemlaani mtu huyo kanisani," Kalunde alisema. "Miaka yote hiyo, kwa jina lake."

"Umekasirika?"

"Sana. Jumatatu ijayo tutaenda wote. Nami nina la kumwambia."

Akaingia jikoni. Ndeti alitembea hadi langoni, akarudi, akaenda tena, mpaka alipoitwa kula.