Makufuli Matatu ya Baba Pacha

Siku ile mjinga alikuwa Baba Pacha, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Shetani mwenyewe, angeulizwa, angeapa kwamba hakutoka hata jasho. Alikaa pembeni tu akamtazama mtu mzima akijitegea mtego, akijinasa, na kujisifu kwa jinsi alivyonasa vizuri.

Baba Pacha alikuwa fundi wa makufuli na vitasa. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya sokoni, chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mmoja alilazimika kuomba radhi. Ukutani zilining'inia funguo ambazo hazijakatwa meno, na kwenye ukingo wa benchi kulikuwa na jiliwa kubwa la kubania chuma, lenye mpini uliochomoza kama kiwiko. Mlango ukigoma, kabati likimeza funguo zake, aliitwa yeye. Alitembea na waya mbili nyembamba alizozikunja mwenyewe, mfukoni mwa aproni asiyoivua hata sokoni, na kufuli lolote lililoziona lilikata tamaa mapema.

Ila alikuwa na udhaifu mmoja: chupa. Sasa, seremala akilewa, meza hupinda. Fundi wa makufuli akilewa, mtaa mzima hukosa raha. Siku moja, jua la utosi, alirudi chakari, akaufungua kwa ustadi wa hali ya juu mlango wa jirani, akavua viatu vyake kwa adabu, akalala kitandani kwa watu. Mama Pacha alikwenda kumchukua umati ukitazama. Kesho yake aliwabeba pacha wake, akahamia kwa kaka yake.

Hapo ndipo Baba Pacha alipopiga magoti, akaokoka, akaacha pombe. Mkewe alikaa miezi minne akimwangalia kwa mbali, kisha akarudi. Aliposimama mlangoni, hata mzigo hajautua, alisema, "Nimerudi kwa sababu umeacha. Ukionja tena, tone moja tu, mimi na watoto tunaondoka, na safari hiyo usipoteze viatu vyako kutufuata."

Baba Pacha alijua mkewe hatishii. Akashika ahadi yake kwa mikono miwili.

Lakini mwezi uleule mteja mmoja, aliyekuwa amejifungia nje huku chungu kikiungua jikoni, alimletea fundi chupa ya shukrani, imefungwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Angeirudisha. Angeimwaga. Badala yake, kichwa kikamvimba.

"Hii naiweka," alimwambia mkewe. "Siku nikitimiza mwaka, nitaiinua kanisani ikiwa haijafunguliwa, watu waone nani kamshinda nani."

"Imwage, Baba Pacha."

"Nikiimwaga, ushindi nitauonyesha kwa kitu gani?"

"Kumbe ushindi wako unakaa ndani ya chupa?"

Hakumsikiliza. Aliitia chupa kwenye sanduku la chuma kibandani, akalifunga kwa makufuli matatu, la tatu akalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Funguo zote akamkabidhi mkewe. "Hata nikilia machozi ya damu, usinipe." Mama Pacha akazitia mkobani, akaguna.

Jambo moja tu halikumjia fundi wetu kichwani: katika mji mzima, mtu pekee asiyehitaji funguo alikuwa yeye.

Mwaka ukafika. Ushuhuda ulikuwa Jumapili; Jumamosi mchana mvua ilinyesha ya kumwaga, wateja hakuna, Mama Pacha na watoto wako kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Baba Pacha alisimama mbele ya benchi akijaribu maneno yake. "Ndugu zangu wapendwa," alisema, akainua mkono juu. Mkono ukaonekana mtupu. Akarudia. Bado mtupu.

Maneno haya lazima yafanyiwe mazoezi na chupa yenyewe, aliwaza. Halafu akawaza tena: na makufuli je? Yakiwa yameshika kutu, kesho yakagoma mbele ya waumini? Aibu ya mwaka! Fundi lazima akague kazi yake.

Akatoa waya zake.

Kufuli la kwanza lilifunguka kabla hajavuta pumzi ya pili. La pili lilijitia ukali kidogo, likanywea. La tatu, lake mwenyewe, lilimtoa jasho robo saa nzima, ulimi nje, jicho moja limefumbwa, na lilipoachia alipiga kofi benchi kwa furaha. "Nimekuweza!" alipaza sauti, asijiulize kamweza nani.

Sanduku likafunguka. Wakatazamana, yeye na chupa.

Aliiinua mara moja kwa ajili ya mazoezi, kama alivyopanga. Mara ya pili haikufika juu. Iliishia usawa wa kifua. Harufu ilikuwa imefungwa ndani, lakini pua yake iliikumbuka bila kusaidiwa. Mate yakamjaa. Kidole gumba kikapanda kwenye kifuniko, na kichwa chake, kile kile cha ushuhuda, kikaanza hesabu: kifuniko kimoja tu cha kupimia. Pengo nitalijaza kwa chai ya rangi. Nikikibana tena kwa jiliwa, pole pole, Mama Pacha hatajua.

Hapo akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Hajaonja hata tone, na tayari keshapanga atakavyomdanganya mkewe!

"Bwana Yesu, mkono haunitii!" alisema kwa sauti. Akaitua chupa, akageuka, akatimua mbio. Mpini wa jiliwa ukamdaka aproni. Alivuta mara moja, mara mbili, kamba zikakatika, akaiacha hapo hapo. Fundi anayewafungia milango watu wote aliondoka kibanda chake kikiwa wazi.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo alipojitokeza mlangoni, ametota, kiatu kimoja mguuni. Sauti zikafa moja moja.

"Mama Pacha," alisema akihema, "nimelifungua."

Mkewe hakuuliza nini. Alishuka jukwaani polepole, uso mkavu, pacha wakishikilia nguo yake huku na huku, akasimama mbele ya mumewe pua kwa pua.

"Puliza."

Akapuliza.

Mama Pacha alifumba macho, akanusa kama anayesoma barua. "Kitunguu," alisema mwishowe, na mabega yake yakashuka. "Puliza tena. Kitunguu tupu! Ahsante Mungu wangu." Kisha akatumbukiza mkono mkobani, akatoa funguo tatu. "Hebu niambie, umefunguaje, na hizi ninazo mimi?"

"Mimi si fundi, jamani?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na safu ya nyuma ikachelewa kunyamaza. Mchungaji, aliyekuwa akipiga kinanda, aliuliza, "Na aproni yako, fundi?"

"Imebaki kwenye jiliwa. Ilininasa nikikimbia."

"Basi uko kwenye kundi jema. Mke wa Potifa alipomng'ang'ania Yusufu, naye aliacha vazi mkononi mwake, akakimbia."

Maneno mazuri, lakini mchungaji hakujua anamwambia nani. Mvua ilikuwa imekatika, na hatua mia tu kutoka kanisani kichwa cha Baba Pacha kilishaanza kuvimba upya. Kibandani walikuta vyote salama: aproni inaning'inia kwenye mpini, sanduku wazi, chupa imekaa benchini kama mgeni anayesubiri chai. Mama Pacha aliikamata shingoni, akatoka nayo hadi ukingoni mwa mtaro.

"Ngoja kwanza, mama!" fundi alimkimbilia. "Sasa ndipo ushuhuda umenoga! Chupa ile ile niliyoikimbia, watu waione kwa macho! Ilale hapa usiku mmoja tu, kesho asubuhi nawaonyesha, halafu umwage. Si umemsikia mchungaji? Mimi ni Yusufu!"

Mama Pacha alizungusha kifuniko, kikalia *kra*, akaiinamisha chupa juu ya mtaro.

"Yusufu gani, Baba Pacha? Wapi uliposoma kwamba alirudi kumchukua mke wa Potifa, akamlaza kwake usiku mmoja, ili kesho awaonyeshe watu?"