Mazishi ya Mji wa Kwamkwale

Usiku wa jana niliota tunauzika mji wetu wa Kwamkwale. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu nakunywa kahawa, na kabla sijameza funda la pili baraza ikawa makaburini. Kahawa ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo niliendelea kunywa.

Jeneza lilikuwa fupi. Soko liliingia vizuri, msikiti na kanisa pia, ila uwanja wa mpira ilibidi ukunjwe. Paa la shule lilichomoza pembeni, mtu akalifunika kwa khanga. Sasa kama mji wote umo jenezani, sisi tulikuwa tumesimama wapi? Sikuuliza. Msibani huulizi mambo ya namna hiyo.

Waombolezaji walikuwa mikonge ya lile shamba la zamani, imekaa kwa mistari kama ilivyopandwa. Mbele ulikaa mji wa jirani, ule wenye lami, umevaa suti. Ulikuwa unaitazama mitaa yetu kama mtu anayetazama kabati la marehemu.

Nikauliza marehemu aliugua nini. Mkonge mmoja ukaninong'oneza kwamba treni imeacha kusimama, basi.

Likainuka tangi la maji la stesheni, lile la miguu ya chuma, kusoma historia ya marehemu. Lilikohoa kutu kwanza.

"Marehemu Kwamkwale alizaliwa na reli," likasema. "Kabla ya reli hapa palikuwa pori na nyani. Reli imetuacha, naye amemfuata mama yake. Tunaomba wenye nguvu wasogee."

Hapo kahawa ikanichachia mdomoni, maana historia hiyo ndiyo iliyokuwa inamuua. Kama alizaliwa na reli, ni halali afe nayo. Lakini babu yangu, Mnyamwezi aliyepita hapa na mzigo wa mtu kichwani, alinisimulia vingine. Kabla ya chuma cha kwanza kulazwa palikuwa na kisima cha mama mmoja wa Kizigua, Bibi Mkwale, aliyewapikia wapagazi makopa ya muhogo mkavu. Wapagazi wakawa wanaambiana, twende tukalale kwa Mkwale. Wengine walilala mpaka wakazaa. Mimi nimetokana na usingizi huo.

Nikayasema hayo. Mikonge ikacheka. Shida yangu ni kwamba mji mzima unakumbuka nilivyosimulia siku niliyompeleka mamba Korogwe kung'olewa jino.

"Mzee Mihayo," likasema tangi, "leo si siku ya mamba."

Sikubishana. Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani ana haki yake msibani: akilala kaburini, hakuna maiti inayoshuka mpaka aridhike. Nashuka. Nalala chali. Navua kofia, naiweka kifuani.

Wananiletea kuku, nakataa. Wananiletea soda, nakataa. Mji wa jirani unainama juu ya kaburi, unanukia lami mbichi, unaniahidi stendi ya mabasi yenye jina langu. Nauliza kama itakuwa na choo. Unasema ndiyo. Nakataa, ingawa hapo niliyumba kidogo.

"Unataka nini, mtani?" tangi linauliza.

"Historia isomwe upya. Ianzie kisimani."

"Shahidi wako nani? Maana wewe tunakujua."

Shahidi sina. Mikonge inaanza kunimwagia udongo, safu kwa safu, kwa adabu zote. Unafika magotini, unafika kidevuni. Mimi nasimulia tu. Nasimulia kamba ya kisima ilivyosokotwa, nasimulia Bibi Mkwale alivyowagombeza wapagazi waliokanyaga makopa yake juani, na simwingizi mamba hata mmoja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mgongo unapata baridi. Kwanza nadhani ni woga. Kisha maji yananipanda ubavuni. Napapasa chini yangu, nakuta mawe yamepangwa duara.

"Nani amenilalia?" kisima kinauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Mjukuu wa mpagazi."

"Yupi? Yule aliyeondoka na kata yangu?"

"Huyohuyo. Imetundikwa ukutani kwangu, tunachotea maji. Itarudi."

"Irudi," kisima kikasema, kikaendelea kujaa.

Tangi likachungulia kaburini, likayaona maji. Halafu likakohoa tena. "Marehemu," likaanza. "Samahani. Mgonjwa wetu Kwamkwale alizaliwa kisimani." Ndani ya jeneza mtu akaanza kunadi nyanya. Mji wa jirani ukafunga vifungo vya suti yake, ukaondoka bila kuaga.

Nikaamka. Mke wangu, Mama Kalunde, alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika ncha ya shuka. Limelowa chapachapa.

"Baba Kalunde. Umri huu, mambo haya?"

"Linuse," nikamwambia.

Akalinusa kwa mbali, kama Mzigua anavyonusa chochote cha Mnyamwezi. Lilinuka tope. Akaenda jikoni mtungini kuchota maji ya kulilowekea.

"Kata iko wapi?" akauliza.

Nikamfuata. Mlango ulikuwa bado umekomewa kwa ndani. Ukutani ulibaki msumari peke yake, unadondosha maji.

Nikamwuliza jembe ameliweka wapi, nikafukue kisima.